Kizigeu cha Uakisi: Neno na Wimbi Lake

Wapo wanaodai kwamba dhana za uhandisi wa redio hazisemeki kwa Kiswahili. Natutazame moja. Fundi wa Kinondoni au Temeke akiunga waya wa antena ya televisheni, wenye ukinzani wa mawimbi wa omu 75, kwenye redio ya upepo iliyoundwa kwa omu 50, sehemu ya wimbi hurudi ilikotoka. Uwiano wa volteji ya wimbi lirudilo kwa ile ya wimbi lijalo ndio kizigeu cha uakisi: 50 kutoa 75, kisha kugawanya kwa jumla yake, 125, jibu ni -0.2. Ikizidishwa kwa yenyewe hutoa 0.04, yaani asilimia 4 ya nguvu hurudi. Alama ya kutoa yaonyesha kwamba volteji imerudi ikiwa imepinduka.

Baadhi ya wanafunzi hupendekeza “mwangwi”. Siafiki, mwangwi ni wa sauti, tena hausemi lolote juu ya kupinduka. “Akisi” yatokana na Kiarabu, ambamo mzizi wake hubeba maana ya kugeuza kinyume. Alama ile ya kutoa imo tayari ndani ya neno. Ila mwisho wa waya ukiachwa wazi, kizigeu huwa 1: wimbi lote hurudi, volteji yake haipinduki. Hapo, nakiri, asili ya neno haitusaidii.