Barua ya Daraja na Ridhaa ya Mtumishi wa Halmashauri

Usimamizi wa watumishi, yaani kuajiri, kupanga vituo, kupandisha vyeo, kupima utendaji na kulipa stahiki, ndio unaoamua katika halmashauri za Tanzania, pengine kuliko kiwango cha mshahara chenyewe, iwapo mwalimu, muuguzi au mtendaji wa kijiji ataridhika na kazi yake. Mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, alieleza mwaka 1959 kwamba mshahara na mazingira duni huzaa manung'uniko, lakini kuviboresha peke yake hakuleti ridhaa, ambayo hutokana zaidi na kutambuliwa, kupewa dhamana na kusonga mbele.

Katika halmashauri, kutambuliwa huko huja kwa barua ya kupanda daraja. Mkurugenzi Mtendaji huitoa akiwa mwajiri, ila hawezi kufanya hivyo ikiwa nafasi haimo katika ikama, ambayo ni idadi ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa na kutengewa fedha kwa mwaka husika, au ikiwa kibali hakijatoka serikali kuu. Hivyo afisa utumishi, ambaye ndiye anayeulizwa kila siku, mara nyingi hana mamlaka juu ya jambo lenyewe, na akinyamaza, mtumishi huona amesahauliwa.

Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha upandishaji wa vyeo ili kuwaondoa watumishi hewa, yaani majina yanayolipwa mishahara bila kuwapo mtu kazini. Uhakiki huo wa majina ulikuwa wa lazima, lakini uliwabana pia watumishi halali waliokwisha kutimiza miaka ya kupanda daraja, hata baadaye ukahitajika mserereko, utaratibu wa kumvusha mtumishi hadi daraja ambalo angekuwa amelifikia. Kwa aliyekaribia kustaafu, kuchelewa huko si suala la heshima tu, kwa kuwa pensheni hukokotolewa kutokana na mshahara.

Tathmini ya utendaji nayo ilikuwa na kasoro yake: fomu za OPRAS, mfumo wa kupima utendaji ulioanza kutumika mwaka 2004, mara nyingi zilijazwa na kuishia kwenye jalada.

Hata hivyo, halmashauri haihitaji kibali cha yeyote ili kujibu barua za watumishi wake kwa maandishi, kubandika orodha ya wanaostahili kupanda kabla ya bajeti kufungwa, na kumweleza aliyekosa nafasi ni kwa nini amekosa na jina lake litaombewa nafasi lini tena.