Printa moja, nyumba nzima
Nilinunua printa iliyokwishatumika Luthuli Avenue, katikati ya Nairobi, nikaipeleka kwangu Kangemi ili watoto waache kukimbilia saiba kwa kila karatasi ya shule. Nikaichomeka kwa waya kwenye kompyuta yangu ya Windows, nikaruhusu itumiwe na wengine. Laptopu zao hazikuiona. Kumbe zilikuwa kwenye waifai ya wageni, ambayo huzuia vifaa kuonana. Yangu nayo ilihesabu mtandao wetu kuwa wa umma, ikajificha. Nikaugeuza wa binafsi. Karatasi zikatoka! Ila nikiizima kompyuta, hakuna anayechapisha.

Mafaili je? Nusura nifungue diski yote, na mle mna picha ya hati ya kiwanja cha babetu Likoni. Nikafungua folda moja tu, yenye nywila. Wageni wabaki na waifai yao.