Antene ya motoka ikikwama: mbele ya kutosha makuta, sikiliza motere

Mwezi uliopita nilikuwa kwa ndugu mumoja wa kazi, mutu wa zamu ya usiku. Tulikuwa tunangojea habari ya mazungumuzo juu ya mishahara, na umeme ulikuwa umekatika mu kartye nzima. Akasema: "Twende mu motoka, radio ya motoka haiogope delestaje." Akafungula radio. Kule nyuma tukasikia kitu kinalia trrrr, lakini antene haikupanda. Mu radio ni upepo tu. Habari ikapita bila sisi.

Asubuhi, ku mulango wa karyeri, kila mutu alikuwa na habari yake. Mumoja anasema mazungumuzo imekufa, mwingine anasema kazi inasimama leo. Wamoja walirudi nyumbani bila kuuliza delege wao, na ile siku walikatwa. Hii njo sababu naandika leo juu ya kitu kidogo kama antene ya motoka.

Ndugu yangu alienda kwa fundi wa barabara. Fundi akasikiliza kidogo, akasema: "Mzee, hii imekufa yote, inaomba mupya." Bei aliyotaja ilikuwa karibu na pesa ya masomo ya mutoto mwezi muzima. Akanitelefonia. Nikamujibu: "Usilipe kwanza. Siku ya posho nitakuja, tutaifungula sisi wenyewe."

Mu motoka nyingi za zamani toka Japon, antene ya kupanda yenyewe ina vitu vine: fimbo ya chuma yenye kuingiana kama darubini, kamba ya plastiki yenye meno ndani ya ile fimbo, motere ndogo, na kigurudumu chenye kuzungushia kamba. Ukifungula radio, radio inatuma umeme kidogo mu waya mumoja kuambia motere ipande. Ukifunga radio, ule umeme unakatika na motere inavuta kamba chini. Waya ya pili inaleta umeme wa batri saa yote, ya tatu inaenda ku bodi ya motoka. Ni hiyo tu.

Basi mbele ya kushika turnevisi, tumia masikio. Mutu mumoja afungule radio, mwingine asimame karibu na antene.

Kama hausikie kitu hata kidogo, ugonjwa uko mu umeme: angalia fizibli, kisha fishi ya waya tatu, kisha motere yenyewe. Fizibli ikiungua, weka ingine ya nguvu ileile. Usiweke kipande cha waya munene mu nafasi yake! Ile waya ya batri haipumzike hata usiku, na motoka inaweza kuwaka mu parsele watu wakilala.

Kama motere inalia kidogo na fimbo inasimama katikati, fimbo imepinda ao imejaa vumbi. Na kama motere inazunguka vizuri, trrrr, lakini fimbo haitikisike, kamba ya plastiki imekatika ao meno yake imeisha. Motere ni muzima. Ndugu yangu alikuwa na hii ya mwisho, na njo alitaka kulipishwa antene nzima.

Siku ya posho tulianza kazi, na kijana wake wa miaka kumi na ine akataka kusaidia. Alikuwa amekwisha kuingiza mukono mu kofre. Nikamuambia: "Ngojea, mutoto. Batri kwanza." Tukatosha waya ya moins, tukaifunga na kitambaa ili isirudie kugusa. Akaniuliza: "Lakini papa, ni volti kumi na mbili tu, inaweza kuua mutu?" Nikamujibu haiue mutu, lakini kle ikigusa waya ya batri na bodi mara moja, inatosha moto. Na tena nikamuelezea habari ya mwenzetu aliyepoteza vidole viwili ku mukaba wa kubeba mawe. Mutu mwingine alirudisha umeme bila kuuliza nani ana mukono ndani. Ku kazi tunaomba kila siku: kata umeme, funga na kadina, tundika karatasi yenye jina. Hatuwezi kuomba vile kwa bakubwa wa kazi, na nyumbani tunafanya mambo ya haraka mbele ya watoto.

Tukatosha karton ya kofre, tukafungula buloni na kle ya kumi, tukachomoa fishi na kamba ya antene. Juu ya bodi kuna ekru moja ya mviringo. Tuliizungusha na pensi, polepole, na kitambaa ili isiharibike. Fimbo ikatoka ku mukono na kipande kifupi cha kamba. Kipande kingine kilibakia ndani. Tukafungula kifuniko cha motere: kamba ilikuwa imejikunja mule kama mètre ya muashi, na grese ya zamani imechanganyika na udongo mwekundu mpaka inakuwa kama tofali. Kijana akasafisha na burosi ya meno. Tukaweka grese mupya kidogo ku meno ya vyuma tu, tukarudisha yote.

Fimbo na kamba yake wanauzisha pembeni, bila motere. Beba ya zamani mukononi, linganisha urefu, unene na meno. Tulipata moja ku motoka iliyokufa, na bei haikufika robo ya ile ya fundi.

Kuingiza kamba mupya, hapa batri inarudia, na mutu mumoja tu njo anatoa amri. Kijana akakaa ku radio. "Fungula!" Motere ikazunguka na kusimama. Nikaingiza kamba mu tundu, meno ikiangalia upande wa motere kama ile ya zamani, mpaka nikasikia imeshika. "Funga!" Motere ikavuta kamba pole, mimi nikiongoza fimbo na mikono miwili. Kisha ekru. Kijana akafungula tena, antene ikapanda mpaka juu. Mama yake alipiga mikono kutoka ku mulango.

Lakini jueni kitu kimoja. Radio nyingi za zamani za Japon zinashika FM toka 76 mpaka 90 tu, na kwetu stasyo zinaenda mpaka 108. Antene inaweza kuwa nzuri na bado haupate stasyo yako. Usilaumu antene: kuna kisanduku kidogo cha kuunga kati ya kamba ya antene na radio, kinashusha yale mawimbi ya juu mpaka radio iyashike.

Juu ya kulinda antene, adui ni vumbi ya barabara ya malori. Kila juma pangusa fimbo na kitambaa kikavu, weka tone la mafuta ya mashini ya kushona, kisha pangusa tena. Grese usiweke ku fimbo, inakamata vumbi. Funga radio mbele ya kuosha motoka na mbele ya kupita chini ya miembe. Na ule mupira mudogo wenye kutosha maji chini ya motere, uuzibue mbele ya mvua kuanza.

Juma lililofuata umeme ulikatika tena saa ya habari. Tulikuwa watu saba pembeni ya ile motoka, milango wazi, na mama wa nyumba ameleta viti. Mazungumuzo ilikuwa haijaisha, wangerudia ku meza kisha siku tatu. Asubuhi wote tulipanda bisi ya kazi.