Sauti Isiyorudi: Namna ya Kuhifadhi Darsa za Mtandaoni kwa Kompyuta ya Nyumbani



Katika nyumba nyingi za watu wa pwani waliohamia Nairobi, darsa siku hizi haifuatwi msikitini peke yake. Sheikh huketi barazani kwake Mji wa Kale, Mombasa, simu ikaelekezwa usoni pake, na jamaa zake walioko Kawangware, Kangemi au Westlands wakamsikia papo hapo. Hiyo ni neema kubwa. Lakini matangazo ya moja kwa moja ni kama mvua: asiyeweka chombo chini ya mchirizi hana maji kesho. Makala haya yaeleza namna ya kuweka chombo hicho, na namna ya kukikagua kama hakivuji. Mimi nilijifunza kwa hasara, na hasara yenyewe nitaisimulia ili wengine isiwafike.

Mwaka 2025, mwezi wa Mfunguo Mosi, mamangu alikuwa kwangu Kawangware kwa matibabu ya figo. Mara mbili kwa juma alilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na moja ya siku hizo ilikuwa Alhamisi. Alhamisi baada ya Alasiri ndiyo saa ya darsa ya kaka yake, mjomba wetu, aliyekuwa akisomesha wanawake kwa njia ya Facebook. Simu ya mama ni ya vibonyezo tu, na hata ingekuwa nyingine, aliye na sindano mkononi hana raha ya kushika simu. Akaniambia, "Mwanangu, niwekee. Nitasikiliza usiku." Juma hilo alikuwa amempelekea mjomba suali juu ya fidia ya saumu kwa mgonjwa, na mjomba akaahidi kulijibu darsani.

Nikarekodi saa nzima. Usiku mama akakaa kitandani, nikafungua kompyuta. Mjomba akaonekana, kofia yake ya vito kichwani, akitabasamu, midomo yaenda. Sauti hakuna. Mama akanitazama, nami nikamtazama. Nikasema, "Usijali mama, bado ipo kwenye ukurasa wake, nitairudia siku nyingine." Mama akampigia ndugu yake simu, akapewa jibu kwa ufupi, na mimi nikaendelea na shughuli zangu. Ile siku nyingine ikawa juma, na juma likawa mwezi.

Kosa lilikuwa wapi

Siku ya pili niliichukua kompyuta, nikapanda matatu ya nambari 46 hadi mjini. Niliswali katika Msikiti wa Jamia, kisha nikateremka Luthuli Avenue, kwenye safu za maduka ya redio, televisheni na vifaa vya umeme. Fundi mmoja kijana aliifungua, akabonyeza mara tatu, akacheka kwa adabu.

"Mama, kompyuta yako si mbovu. Ulikuwa umevaa visikizio visivyo na waya?"

"Ndiyo, mwanangu. Watoto walikuwa wakipiga kelele."

"Basi sauti ilihamia kwenye visikizio, na programu ikabaki kusikiliza spika. Ni kama mtu anayebisha mlango wa mbele nawe umekaa ukimngojea mlango wa nyuma."

Akanitoza shilingi 200, nami naona nilinunua elimu kwa bei ya chini. Yafuatayo ni aliyonifunza, pamoja na niliyoyapata mwenyewe katika Alhamisi zilizofuata.

Vyombo viwili visivyouzwa

Programu zinazofaa kwa kazi hii si za kununua. Ya kwanza ni OBS Studio, iliyoanza mwaka 2012. Hii hurekodi picha na sauti pamoja, na hukubali kompyuta za Windows, za Mac na za Linux. Ya pili ni Audacity, iliyotoka kwanza mwaka 2000, nayo ni ya sauti peke yake. Zipakue kutoka tovuti za watengenezaji wake wenyewe. Tovuti nyingine hutoa programu hizihizi zikiwa zimefungashwa na vitu vya kuharibu kompyuta.

Wazazi wenzangu huuliza kama kurekodi hula bando zaidi. Hapana. Bando huliwa na kule kutazama. Kurekodi ni kuandika tu kwenye diski yako kile ambacho tayari kimefika. Kinachohitajiwa ni nafasi. Picha ya kadiri, ya kilobiti 2,500 kwa sekunde, huchukua takriban gigabaiti 1.1 kwa saa. Sauti peke yake, ya kilobiti 128 kwa sekunde, huchukua megabaiti 58 hivi kwa saa. Kwa nafasi ya saa moja ya picha waweza kuweka darsa 19 za sauti. Kama sheikh amekaa tu akisema, wala haandiki ubaoni, sauti yatosha.

Picha ipo, sauti haipo

Katika OBS, tazama sehemu ya sauti chini ya dirisha. Palipoandikwa "Desktop Audio" ndipo inapopokewa sauti ya kompyuta yenyewe. Pana mstari wa rangi unaopanda na kushuka mtu anaposema. Ukiwa umelala tu ilhali wamsikia sheikh masikioni, basi programu inasikiliza mlango mwingine. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, uchague kifaa kilekile unachosikilizia. Bora zaidi, ondoa visikizio visivyo na waya kabla ya kuanza, utumie spika za kompyuta.

Katika Audacity kwenye Windows, chagua "Windows WASAPI", kisha kwenye orodha ya vifaa vya kurekodia uchague kile chenye neno "loopback". Hicho huchukua sauti ndani kwa ndani, bila kupitia hewani.

Kosa la upande wa pili ni maikrofoni kuachwa wazi. Alhamisi ya tatu nilirekodi darsa pamoja na filimbi ya sufuria ya presha, mlango wa jirani, na mwanangu akiomba chapati. Zima "Mic" kabisa kabla ya kuanza.

Sauti ipo, picha ni nyeusi

Weusi huu una sababu tatu. Kwanza, kivinjari chenyewe: vivinjari vingi huchora picha kwa msaada wa kadi ya michoro, na programu ya kurekodi ikashindwa kuiona. Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, uzime "hardware acceleration", ukifunge na kukifungua upya. Pili, baadhi ya kompyuta za mkononi zina kadi mbili za michoro, OBS ikatumia moja na kioo kikatumia nyingine. Katika Windows, fungua mipangilio ya mfumo, sehemu ya "Graphics", uipangie OBS kadi ileile inayoendesha kioo. Aghalabu ni ile ya kuhifadhi umeme.

Sababu ya tatu si ubovu. Huduma za filamu za kulipia hufunga picha zao makusudi ili zisirekodiwe. Ukiona weusi huo, usihangaike kutafuta ufunguo wa pembeni. Mwenye mali amefunga mlango wake.

Umeme unapokatika

Alhamisi ya pili umeme ulikatika dakika ya 50. Kompyuta yangu ni ya mkononi, lakini betri yake imekwisha nguvu, nayo ikazima palepale. Umeme uliporudi, faili ilikuwapo, ina uzito wake, lakini haifunguki. Nilikuwa nimerekodi kwa umbo la MP4. Umbo hilo la kawaida huandika fahirisi yake mwisho wa kazi, na likikatwa kabla ya hapo, faili yote huwa kama kitabu kilichochanwa kurasa zikamwagika.

Dawa yake ni kuchagua umbo la MKV katika mipangilio ya OBS, sehemu ya "Output". Umeme ukikatika, utapoteza sekunde za mwisho tu. Ukishamaliza salama, nenda kwenye orodha ya "File", uchague "Remux Recordings", nayo itakupa nakala ya MP4 kwa muda mfupi bila kupunguza ubora wowote. Vilevile izuie kompyuta kulala yenyewe, uahirishe masasisho ya Windows, na uhakikishe diski ina nafasi mara mbili ya unayoitarajia.

Darsa yakatikakatika

Programu hurekodi kile kilichofika kwako. Mtandao ukisimama, na kile kiduara kinachozunguka nacho hurekodiwa. Teremsha ubora wa picha uwe 480, waombe watoto waache katuni zao kwa saa moja, na ukiweza uchomeke kebo badala ya kutegemea Wi-Fi ya chumba cha pili.

Kama ni picha yenye kurukaruka ilhali mtandao ni mzima, basi kompyuta imeelemewa. Funga madirisha mengine yote, na upunguze kasi ya picha kutoka 60 hadi 30 kwa sekunde. Uso wa mtu anayesomesha hauhitaji zaidi ya hapo.

Flashi imekataa

Wengi hupeleka darsa kwa wazee kwa flashi, ambayo hukubali hata redio ndogo za jikoni. Ikiwa faili ni kubwa na flashi yasema imejaa ilhali ni tupu, tatizo ni mpangilio wake. Flashi nyingi zimepangwa kwa FAT32, na mpangilio huo haupokei faili moja inayozidi gigabaiti 4. Ikate darsa vipande viwili, au uipange flashi upya kwa exFAT. Angalia: kuipanga upya hufuta kila kilichomo, na si kila redio husoma exFAT. Kwa mzee mwenye redio, sauti ya MP3 ndiyo salama.

Siku thelathini

Hapa narudi kwa mjomba. Mapema katika Mfunguo Nne aliugua ghafla, na siku ya tatu akatangulia mbele ya haki. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Baada ya matanga nilikumbuka ile darsa ya kwanza, nikaingia kwenye ukurasa wake kuitafuta. Haikuwapo.

Nilikuwa sikujua jambo ambalo kila mwenye kufuata darsa mtandaoni apaswa kulijua. Tangu tarehe 19 Februari 2025, matangazo mapya ya moja kwa moja kwenye Facebook hukaa siku 30 tu, kisha hufutwa. Kwa yale ya zamani, mwenye ukurasa alipewa taarifa na muda wa siku 90 wa kuyapakua. Mjomba hakuwa mtu wa kusoma taarifa za mtandaoni, na kijana aliyekuwa akimshikia simu alidhani kilichowekwa kimewekwa.

Kwa hiyo, kabla ya kurekodi, anza kwa kumwomba mwenye darsa. Yeye, au yule anayemsaidia, aweza kuipakua faili kutoka ukurasa wake, nayo huwa safi kuliko utakayoirekodi wewe. Ikiwa katika jamaa yenu yumo sheikh au mwalimu wa namna hii, mteueni kijana mmoja, wa kike au wa kiume, kazi yake iwe hiyo kila mwisho wa mwezi.

Ruhusa pia ni ya lazima kwa sababu nyingine. Kurekodi ni amana. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mwenye kazi yake, nasi tuna adabu zetu zaidi ya sheria. Darsa uliyoihifadhi kwa ajili ya mamako si mali yako ya kuuza wala kuisambaza. Na vikao vya wanawake, ambamo dada hufunua kichwa au huuliza mambo ya nyumbani kwake, visirekodiwe hata kidogo bila ya wote waliomo kuridhia.

Dakika mbili kabla, dakika mbili baada

Haya yote nayafupisha kwa desturi ndogo niliyojiwekea. Dakika kumi kabla ya darsa, narekodi dakika mbili za chochote kinachotangazwa, nasimamisha, kisha naifungua faili na kuisikiliza kwa masikio yangu. Darsa ikiisha, nasikiliza mwanzo wake, katikati na mwisho, siku hiyohiyo, wakati bado ipo kwenye ukurasa wa mwenyewe. Halafu naweka nakala mbili: moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi inayokaa kabatini, imeandikwa jina na tarehe. Kilichorekodiwa kisikaguliwe, hesabu kwamba hakijarekodiwa.

Katika darsa 10 za mjomba nilizojaribu kuzihifadhi, nane zinasikika, ikiwamo ile yenye filimbi ya sufuria. Mama huisikiliza hiyo zaidi kuliko zote. Asema humo mna nyumba nzima. Ile ya umeme haikufunguka tena.

Ile ya kwanza, isiyo na sauti, sijaifuta. Usiku mmoja mama aliniomba nimfungulie. Akatazama mpaka dakika ile mjomba anapoinua karatasi yenye suali lake na kuanza kujibu. Akaniambia nisimamishe hapo. "Jibu nalijua," alisema. "Alinipa kwa simu. Nilitaka kumsikia akilitaja jina langu."

Mwenyezi Mungu amrehemu mjomba wetu na wazee wetu wote waliotangulia, na awape afya waliobaki. Dada yangu msomaji, kama yuko unayempenda ambaye sauti yake yapita hewani kila juma, usingoje siku nyingine. Fanya jaribio lako la dakika mbili leo usiku.