Mizizi Majini, Majani Hewani

Mmea wa nyumbani uliopandwa katika kopo ukinyweshwa maji kupita kiasi hunyauka, nao ukichimbuliwa mizizi yake huonekana imeoza. Lakini tawi la mmea uleule likiwekwa pembeni mwa tangi la kioo la kufugia uduvi, mizizi ikining'inia majini na majani yakiwa hewani, huchipua na kutambaa hadi dirishani. Je, kwa nini maji yaue mmea mahali pamoja na kuustawisha mahali pengine? Swali hili laweza kuchunguzwa katika darasa lolote la Bombambili, mjini Songea, kwa vifaa visivyo vya gharama kubwa.

Jibu la kwanza ni oksijeni. Mizizi, kama viumbe vyote vilivyo hai, hupumua. Lita moja ya hewa ina zaidi ya miligramu 200 za oksijeni. Lakini lita moja ya maji, katika mji ulioko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari kama Songea, haiwezi kushika zaidi ya miligramu 8 hivi maji yanapokuwa na nyuzijoto 20 za Selsiasi. Katika udongo uliojaa maji, vijidudu huimaliza akiba hiyo ndogo upesi, na mizizi hukosa pumzi. Tangi lenye uso mpana, au lenye pampu ndogo ya kutikisa maji, hupokea oksijeni mpya kutoka hewani wakati wote. Aidha, mizizi inayoota majini huwa na nafasi za hewa ndani yake kuliko ile iliyoota udongoni.

Jibu la pili ni chakula. Uduvi wa maji baridi ni jamaa wadogo wa kamba. Katika Ziwa Victoria wamo wa aina ya Caridina nilotica, ambao huvuliwa pamoja na dagaa. Uduvi hutoa amonia kupitia matamvua yao, na mabaki ya chakula yanapooza huongeza amonia hiyo. Amonia ni sumu kwao hata ikiwa kidogo. Katika mto hupelekwa na mkondo. Katika tangi haina pa kwenda.

Hapo ndipo bakteria wanapofanya kazi. Kundi moja hugeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Mwanasayansi Sergei Winogradsky ndiye aliyeeleza kazi ya bakteria hao karibu na mwaka 1890. Mwishowe mizizi hufyonza naitreti, pamoja na sehemu ya amonia yenyewe, ili mmea ujenge protini. Uchafu wa mnyama umekuwa mbolea ya mmea.

Yafaa ieleweke kwa nini majani yawe nje ya maji. Mmea uliozama wote hupata kaboni dayoksaidi kwa shida, kwa kuwa gesi husafiri majini kwa mwendo ulio mdogo karibu mara 10,000 kuliko hewani. Mmea wenye majani hewani hauna shida hiyo. Hivyo hukua kwa kasi na kufyonza naitrojeni nyingi zaidi.

Kwa jaribio hili zatosha chombo cha kioo cha lita 20, changarawe iliyooshwa, na maji ya bomba yaliyoachwa wazi siku moja au mbili ili klorini itoke. Mmea ufaao ni Epipremnum aureum, utambaao wenye majani ya umbo la moyo na mabaka ya manjano, au Chlorophytum comosum wa hapa Afrika, wenye majani membamba yenye mistari myeupe. Utomvu wa huo wa kwanza huwasha. Mikono ioshwe baada ya kuushika. Si kila mmea huvumilia hali hii: ua mashuhuri la milima ya Usambara, Saintpaulia, huoza mizizi yake ikizamishwa muda mrefu.

Kosa kubwa ni haraka. Bakteria huhitaji wiki 4 hadi 6 kuongezeka, na zaidi katika baridi ya Juni na Julai. Wanyama wakiingizwa siku ya kwanza, watakufa. Pasipo uduvi, perege wachanga wawili kutoka bwawa la kufugia samaki wataonyesha kanuni ileile. Chombo kiwekwe mbali na dawa za kuulia wadudu na vyombo vya shaba, kwani hata chembe chache za sumu hizo huangamiza uduvi. Chombo cha pili kisicho na mmea, chenye wanyama na mwanga sawa, kitawapa wanafunzi kipimo cha kulinganisha: katika kipi maji yatageuka kijani kwa mwani mapema zaidi?

Matokeo hayo yanahusu mambo makubwa kuliko tangi. Gugu maji, lenye asili ya Amerika ya Kusini, lilisambazwa duniani kama pambo la mabwawa. Lilionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 likaziba bandari na mialo. Lilistawi kwa naitreti na fosfeti zilizotiririka kutoka mijini na mashambani: mizizi majini, majani hewani.

Mto Ruvuma unaanzia katika milima ya Matogoro, karibu kabisa na Songea. Kwa hiyo maji yanayotolewa tangini yamwagwe bustanini, ambako naitreti yake itakuza mchicha. Matawi yaliyozidi yakaushwe juani. Wala mnyama au mmea wa tangini usitupwe kijitoni. Mwanafunzi aliyeona tangi dogo likichafuka kwa chakula kilichozidi atafahamu kwa nini mbolea ya shambani isiachwe itiririke mtoni.