Nyama ya Kasa Haijulikani kwa Macho

Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Sumu yake haitoki kwa kuchemshwa, na humfikia mtoto anayenyonya kupitia maziwa ya mama. Ng'amba ndiye hutajwa sana, lakini akishakatwakatwa, nani atamjua? Maabara humjua: kipande kidogo, hata kilichopikwa, hutolewa chembe za DNA, zikalinganishwa na za kasa wanaojulikana. Ila kipimo hicho hutaja aina ya mnyama tu, sumu hakionyeshi. Kwa hiyo ukiletewa, kataa. Aliyekula akiwashwa koo au kutapika, mkimbize hospitalini; na kama ananyonyesha, asimnyonyeshe mtoto kabla ya kuonana na daktari.