Nyekundu au nyeupe? Supu ya kaa inayotosha familia nzima

Ukiingia mgahawa wa samaki mjini Annapolis, makao makuu ya jimbo la Maryland nchini Marekani, na kuagiza supu ya kaa, mhudumu atakuuliza kwanza: nyekundu au nyeupe? Wenyeji huchagua upande tangu utotoni. Katika nyumba moja unaweza kumkuta baba ni wa nyekundu na watoto wote ni wa nyeupe, na ubishi wao hauishi.

Annapolis ni mji wa bandari kwenye Ghuba ya Chesapeake. Gatini kuna sanamu ya mwandishi Alex Haley akiwasomea watoto watatu kitabu, kwa kumbukumbu ya Kunta Kinte, ambaye Haley alisimulia katika Roots kwamba alishushwa hapo na meli ya watumwa mwaka 1767. Migahawa iko hatua chache tu kutoka kwenye sanamu hiyo, na kitoweo kikuu ni kaa wa buluu. Jina lake la kisayansi, Callinectes sapidus, maana yake ni muogeleaji mzuri mwenye ladha.

Supu nyekundu ndiyo ya nyumbani. Ina nyanya, karoti, viazi, mahindi, kabichi, maharage mabichi na yale bapa ya lima, vyote vikichemshwa katika mchuzi wa mifupa ya ng'ombe. Kaa huingia mwishoni. Kwa desturi ni chakula cha kubana matumizi: familia ikila kaa wa kuchemsha kwa mvuke siku moja, waliobaki humenywa kesho yake, na nyama yao kidogo inatosha sufuria nzima. Wapo wanaotumbukiza hata magando na vipande vya mwili na maganda yake, watoto wakayanyonya mezani. Kiungo chake ni Old Bay, mchanganyiko wenye chumvi ya figili, pilipili manga, pilipili nyekundu na paprika. Uliundwa mjini Baltimore mwaka 1939 na Gustav Brunn, Myahudi aliyekimbia utawala wa Hitler nchini Ujerumani.

Nyeupe ni ya mgahawani zaidi. Ni siagi, unga, maziwa na krimu, na ndani yake mapande makubwa ya nyama ya kaa, ambayo ndiyo ghali kuliko sehemu nyingine zote. Watoto huipenda kwa sababu ni laini na haiwashi. Lakini krimu inaficha mengi. Mpishi mzembe anaweza kujificha nyuma yake, ilhali kwenye nyekundu mboga zilizopondeka au mchuzi usio na ladha huonekana papo hapo. Kwa anayetaka kujua kama jiko la mgahawa linajua kazi, nyekundu ndiyo ya kuonja kwanza.

Wasioweza kuamua huomba nusu kwa nusu, nyekundu na nyeupe katika bakuli moja. Rangi yake haivutii, ila mtoto anayekataa mboga huzila humo bila kugundua.

Kaa huyo huyo, ladha nyingine

Kaa wa buluu hawaishi Chesapeake tu. Wameenea pwani ya mashariki hadi Ghuba ya Mexico, na kila eneo linawapika kivyake. Charleston, katika jimbo la South Carolina, wana supu ya kaa jike. Nayo ni nyeupe, lakini hutiwa basibasi, mara nyingi huongezwa uzito kwa wali uliopondwa, na rangi yake ya chungwa hutoka kwenye mayai yaliyo ndani ya mwili wa kaa. Masimulizi ya mji huo humtaja William Deas, mpishi Mweusi wa nyumbani kwa meya R. Goodwyn Rhett, kuwa ndiye aliyeongeza mayai hayo ili supu ipendeze mbele ya Rais Taft.

Hapo ndipo upishi unapokutana na hesabu ya bahari. Mwaka 2022 hesabu inayofanywa kila majira ya baridi katika Ghuba ya Chesapeake ilikadiria kaa milioni 227, idadi ndogo kuliko zote tangu hesabu hiyo ianze mwaka 1990. Maryland, mtu anayevua kwa kitoweo cha nyumbani haruhusiwi kubaki na jike mwenye gamba gumu. South Carolina jike mwenye mayai yaliyotokeza nje ya tumbo lazima arudishwe majini, na wapishi wengi sasa huvurugia kiini cha yai la kuku lililochemshwa badala ya mayai ya kaa. Ladha inapungua kidogo, lakini supu inabaki.

Watoto wa Chesapeake hujifunza mapema kumtambua jike. Tumboni ana kifuniko kipana, wakati cha dume ni chembamba. Ncha za magando yake ni nyekundu, kama aliyepaka rangi ya kucha.

Kusini zaidi, Louisiana, kaa huingia kwenye gumbo, mchuzi mzito unaoliwa na wali. Wataalamu wengi wa lugha wanaeleza kuwa neno hilo linatokana na jina la bamia katika lugha za Kibantu za upande wa Angola. Mama wa Tanga au Mombasa akiona sufuria yenye bamia, kaa na pilipili hatahitaji mkalimani.

Kabla ya kumpa mtoto

Supu nyeupe na ile ya jike kwa kawaida hutiwa sherry, aina ya mvinyo, na mara nyingi huongezwa mezani bila kupikwa. Nyekundu nayo baadhi ya wapishi huipika na mfupa wa nguruwe. Mzazi mwenye mwiko wa dini, au asiyetaka mtoto aonje pombe, aulize kabla ya kuagiza.

Kubwa zaidi ni mzio. Mtoto anayedhurika na kamba asipewe kaa, na akae mbali na sufuria inayotoa mvuke. Anayeonja mara ya kwanza apewe kidogo, kisha aangaliwe. Midomo ikivimba, vipele vikitoka, akitapika au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja.

Kwa atakayejaribu nyumbani, nyekundu ndiyo rahisi, kwani mboga zake karibu zote zinapatikana katika masoko yetu, na kaa koko wa mikoko anaifaa. Kaa awe hai hadi dakika ya kupikwa. Aliyekufa kabla ya kupikwa atupwe. Akishafunguliwa, zile nyuzi laini za kijivu pembeni, anazopumulia, ziondolewe. Mboga ziive kwanza katika mchuzi wa mifupa. Nyama ya kaa iliyokwisha kuiva itiwe dakika za mwisho, maana ikichemka sana hukauka na kuwa kama uzi. Nazi haimo katika supu hii, ingawa huenda bibi akaitia ukigeuka.